Miiba Kwenye Malka

Mwezi uliopita tulimzika Madamu Eunice. Nilikuja kutoka Madogo, ambako siku hizi nauza dawa za mifugo kwenye duka la mtu, nikafika matangani jua linaelekea kuzama, na kabla sijaweka mfuko chini nikapewa kisu na kuonyeshwa mkungu wa ndizi. Hapo ndipo palinifaa. Mtu akimenya ndizi hakuna anayemuuliza maswali. Kina mama walikuwa wameketi duara nyuma ya nyumba, sufuria tatu zikichemka, na mmoja wao, ambaye nadhani alitoka upande wa kijiji cha Hewani, alikuwa akisimulia habari za kambi ya watoto. "Walikuja na bunduki, hao wachungaji," alisema. "Watoto wanalia. Basi kuna msichana mmoja wa hapa hapa akatoka mbele, akawahutubia! Akasema, kama mnataka damu, anzeni na mimi!" Kina mama wakaguna kwa mshangao. Mmoja akajipiga paja. Mimi nilikuwa nimekaa karibu naye kiasi kwamba maganda yangu yalikuwa yakiangukia kwenye beseni lake. Kuhutubia! Mimi, ambaye shuleni niliwahi kukubali kuandikwa kwamba sikuja kwa sababu mwalimu aliposoma jina langu sauti haikutoka. Hakukuwa na bunduki. Hakukuwa na hotuba. Lakini ningeanzia wapi, na macho yale yote yangenigeukia? Nikaendelea kumenya. Ninaandika sasa kwa sababu kalamu haijawahi kunikimbia kama ulimi unavyonikimbia, na kwa sababu Madamu hayupo tena wa kusimulia ilivyokuwa.

Nina miaka kumi na tisa. Wakati ule nilikuwa na kumi na saba, nimemaliza Fomu Foo, nimekaa tu nyumbani. Najua kwa mtu mzima miaka miwili si kitu, lakini nikimkumbuka yule msichana naona kama namtazama mdogo wangu. Madamu Eunice alikuwa amestaafu ualimu na hakujua kustaafu. Likizo ya Agosti alikuwa akifungua shule ya msingi iliyo ukingoni mwa mto, nje kidogo ya Garsen, na kukusanya watoto waje asubuhi, wacheze, waimbe, wale, warudi makwao jioni. Tuliiita kambi ingawa hakuna aliyelala pale. Watoto wa kwetu, Wapokomo, walikuja kutoka vijiji vya mashambani, na watoto wa Waorma, wafugaji, walikuja kutoka manyatani. Alituambia sababu siku ya kwanza tu, mimi na Komora, akiwa anafuta ubao ambao ulikuwa safi tayari: "Nataka hawa watoto wajuane majina. Siku mtu akija kuwaambia wale ni adui, kila mmoja awe na jina la kukumbuka." Mwaka huo watu walikuwa wameanza tena kuongea kwa sauti ya chini. Mvua ilikuwa imeshindwa, nyasi zimeisha kule bara, na kila jioni mtu aliuliza ng'ombe wamefika wapi. Sisi hapa tunajua maana ya swali hilo. Kila mtu mzima alikuwa na yake aliyoyaona ile miaka mibaya ya mapigano ya wakulima na wafugaji, na hakuna aliyetusimulia, lakini tulijua nyumba zipi zilijengwa upya.

Komora alikuwa mwenzangu wa kazi, mkubwa kwangu kwa miaka michache, kijana wa kwetu anayeongea kama redio. Watoto walimpenda. Alikuwa na filimbi shingoni na aliwaita wote "machampe," mabingwa wake. Mimi nilipewa wadogo, kwa sababu Madamu alisema wadogo hawaogopeshi. Alikosea. Watoto wa miaka saba wanakutazama moja kwa moja na kukuuliza mbona huongei. Jilo, mtoto wa baba yangu mdogo, alikuwa kwenye kundi langu, na siku ya kwanza aliwatangazia wenzake wote, "Huyu ni Rehema wa kwetu, haongei, lakini si bubu." Nilishukuru kwa utambulisho huo. Kwenye kundi hilo hilo kulikuwa na msichana wa Kiorma aitwaye Dahabo, mkubwa kidogo kuliko wengine, mwembamba, mwenye mtandio wa rangi ya chungwa ambao ncha yake aliitafuna siku nzima. Naye hakuongea. Kiswahili alikielewa, nilimwona anacheka kabla ya wenzake hadithi ilipokuwa nzuri, lakini mdomo wake ulikuwa umefungwa kama wangu. Basi tukawa tunakaa pamoja. Kulikuwa na ramani ya Kenya ukutani mwa darasa letu, ya zamani, na mahali pa kwetu palikuwa pameshafutika kwa vidole vya watoto wanaoonyesha wanakoishi. Dahabo alipenda kusimama hapo na kuweka kidole chake ndani ya kile kidoa cheupe. Nami niliweka changu. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu.

Jiko lilikuwa banda la makuti, na mpishi alikuwa Kadzo, mama wa Kigiriama aliyehamia kwetu kutoka kusini zamani, mtu wa kucheka na kutukana kwa wakati mmoja. Siku ya kwanza alipika samaki, kambare wanene wa mchuzi wa nazi, akajivunia. Watoto wa Kiorma wakaziangalia sahani zao, wakazisukuma mbele taratibu, bila ujeuri, kama mtu anayerudisha kitu kilicholetwa kwake kwa makosa. "Wanasema ni nyoka wa majini," Jilo alinieleza kwa furaha. Kadzo alishika kiuno. "Nyoka! Mimi nimewapikia nyoka? Haya, kesho mtakula pure, na asiyekula pure akanywe mto." Tangu siku hiyo ikawa pure, mahindi na maharagwe, kila siku, na hakuna aliyelalamika isipokuwa Komora. Watoto walipanga foleni kwenye kivuli kati ya jiko na uwanja, ambapo miti miwili mikubwa inakutanisha matawi. Pale ndipo penye ubaridi. Na pale, sharti niseme wazi kwa asiyejua huku kwetu, ndipo malka ilipopita.

Malka ni njia ya ng'ombe ya kwenda mtoni. Haina mabango wala mpaka wa mawe. Ni upana tu wa ardhi iliyokanyagwa kati ya shamba na shamba, na kila mtu anajua ilipo, kama unavyojua mlango wa nyumba yenu gizani. Kiangazi mifugo inashuka kutoka mbali, inapita malka, inakunywa, inarudi. Mkulima halimi humo. Akilima, au akiweka miiba, maana yake si kwamba amekosea. Maana yake ametangaza jambo. Ile miaka mibaya ilianzaga hivyo, kwa miiba. Shule ilijengwa pembeni mwa malka wakati ambapo hakukuwa na uzio, na miezi mingine yote ya mwaka watoto waliitumia kama njia yao ya kuingilia. Watoto wa Kiorma walikuja kwayo kila asubuhi.

Siku moja mchana mpira uliteremka kwenye malka ukaelekea majini, na Jilo akaufuata, na watoto wengine wakamfuata Jilo. Komora aliwapigia filimbi mpaka mashavu yakavimba. Walisimama pale kwenye matope, vidole vya miguu ndani ya maji, wakiuangalia mpira unavyoenda na mto, na upande wa pili wa mto kitu tulichodhani ni gogo kikazama bila kutoa sauti. Wiki hiyo hiyo mamba alikuwa amechukua mbuzi pale pale. Komora alirudi na watoto, akawakalisha, akaenda nyuma ya jiko akatapika. Watu walimsema sana baadaye, na mimi mwenyewe nilimkasirikia, lakini nilimwona akitapika na sijawahi kusahau. Jioni, Madamu akiwa ameshaondoka na watoto wamekwenda, alichukua panga akakata matawi ya mathenge, yale yenye miiba mirefu inayotoboa hata ndala, akayaburuta moja moja na kuifunga malka kutoka ukuta wa jiko hadi ua wa shamba la jirani. Ilimchukua mpaka giza. Alifunga kama mtu anayemfungia mtoto wake mwenyewe.

Asubuhi niliiona nilipofika. Nilikwenda mpaka alipokuwa, na nilisema. Nataka ijulikane nilisema, ingawa kwa sauti yangu ile. "Komora, hiyo ni malka."

"Najua ni malka, Rehe. Mimi nimezaliwa hapa."

"Ng'ombe..."

"Ng'ombe bado wako mbali. Mamba yuko hapa. Utamwambia nini mama yake Jilo?" Alikuwa hajalala, macho mekundu. "Nikirudi kutoka Garsen nitaacha upenyo. Madamu ananingoja, tunaenda kuchukua mchele na maharagwe. Usiwe na wasiwasi, manze. Hakuna mtu ataona."

Lakini watu walikuwa wanaona tayari. Watoto wa manyatani walifika kwa njia yao ya kila siku wakakuta miiba. Walisimama. Mvulana wao mkubwa aliigusa kwa fimbo yake ndogo, akaiangalia kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, akageuka na kurudi alikotoka, akitembea haraka. Wengine walizunguka kwa mbali kupitia shambani wakaingia. Dahabo aliingia wa mwisho, na siku hiyo hakwenda kwenye ramani. Alikaa mlangoni uso ukielekea nje. Pikipiki ya Madamu na Komora ilikuwa imeshaondoka kwa njia ya upande wa pili, na Madamu hakupita jikoni, hakuiona. Nilijaribu kumpigia. Huku mtandao unakuja na upepo, na siku hiyo hakukuwa na upepo.

Asubuhi ile ilikuwa ndefu kuliko zote nilizowahi kuishi. Tuliimba nyimbo. Nilisikia sauti yangu ikiimba na kuona macho yangu yakienda dirishani. Kadzo alirudi kutoka kuchota maji akaniita nje, na kwa mara ya kwanza hakuwa anacheka. "Mwanangu, kule kisimani wanawake wa Kiorma wameniuliza, mmefunga? Nikawaambia ni mamba. Wakaniangalia tu. Huyu Komora ana akili kweli? Mtu anafunga malka Agosti!" Nilimuuliza ng'ombe wako wapi. "Unaniuliza mimi? Angalia juu." Nikatazama juu ya miti ya upande wa bara na nikaona anga limekuwa la rangi ya udongo. Ilikuwa vumbi, na vumbi lilikuwa linasogea.

Ng'ombe aliyekaa siku bila maji akisikia harufu ya mto hachungwi tena. Mchungaji anakimbia naye tu. Watoto walikuwa wameshaanza kupanga foleni kwenye kivuli, sahani mikononi, katikati ya malka. Niliwaambia waingie darasani. Hakuna aliyesikia. Nilisema tena, na watoto wa Komora, wale wakubwa waliozoea filimbi, walinitazama wakacheka na kubaki pale pale kwa sababu foleni ya chakula haiachwi. Nikakimbilia jikoni. "Mama Kadzo, tubebe sufuria."

"Ipo motoni!"

"Tubebe hivyo hivyo. Watafuata chakula."

Alinielewa mara moja. Tulilishika kila mmoja sikio lake kwa matambara, sufuria kubwa la pure linalochemka, na Kadzo akapaza sauti ambayo mimi sikuwa nayo: "Leo wageni rasmi mnakula darasani! Atakayechelewa atakula ukoko!" Foleni nzima ikageuka ikatufuata. Walikanyagana, wakagombana mlangoni, wakaingia. Nikahesabu kwa macho, nikamwona Jilo ameshakaa mbele kabisa. Sikuona mtandio wa rangi ya chungwa.

Alikuwa kwenye miiba. Alikuwa ameshika tawi kwa mikono miwili na kulivuta kwa uzito wake wote, ambao haukuwa kitu, na lile tawi lilikuwa limesukwa na mengine kwa mikono ya Komora. Nilikimbia nikamshika kiuno kumwondoa. Alijikaza. Damu ilikuwa imefika kwenye viwiko vyake. Nilikuwa sasa nasikia kwato, si kwa masikio, kwa nyayo. Ningeweza kumbeba nikaondoka naye, na hilo ndilo nililokusudia. Lakini ng'ombe wangeingia kwenye miiba ile kwa kasi yao yote, na wa nyuma wangewapanda wa mbele, na wangefia pale mbele ya darasa lililojaa watoto wa kwetu, na baada ya hapo nani angesikia habari za mamba? Nikamwacha kiuno, nikashika tawi nami. Tukavuta pamoja.

Basi aliyetangulia mbele ya ng'ombe alituona hivyo. Alikuwa kijana, mrefu, kikoi kimefungwa juu ya magoti, fimbo nene mkononi, anakimbia mbele ya mifugo yake kuja kuitazama njia iliyosemwa imefungwa. Alichokiona ni miiba, na msichana wa Kipokomo, na mtoto wa kwao ametapakaa damu, ameshika miiba ile. Alisimama. Jina lake ni Barisa, na Dahabo ni dada yake wa tumbo moja, lakini hilo nililijua baadaye. Wakati ule nilijua uso tu. "Wewe!" alipiga kelele. "Wewe nafunga njia na mkono ya mtoto yetu? Mtoto yetu ndio nashika miiba?" Fimbo ilikwenda juu. Nilifungua mdomo. Nililitaka neno moja tu, tunaifungua, na sikulipata. Nilisimama nimeshika tawi mdomo wazi kama samaki wa Kadzo.

Dahabo ndiye aliyesema. Aligeuka, akatoa ncha ya mtandio kinywani, akamfokea kaka yake kwa Kiorma kwa sauti nzito iliyonishtua kuliko fimbo, sentensi baada ya sentensi, huku akinionyesha mimi kwa mkono unaotiririka damu, na mara moja akapiga mguu chini. Sijui alisema nini. Nimekutana naye mara nyingi tangu siku ile na sijamuuliza. Barisa alimsikiliza, macho yake yakishuka kutoka usoni kwangu hadi mikononi, hadi kwenye tawi, na akaona tulikuwa tunalivutia upande gani. Akatupa fimbo. Akaja akashika tawi juu ya mikono yangu, na kwa mvuto mmoja likang'oka na lililofuata likaja nalo. "Toka! Toka na mtoto!" Nilimnyakua Dahabo tukajibana kwenye ukuta wa jiko. Barisa alikuwa bado anaburuta tawi la mwisho ng'ombe waliposhuka.

Sitaweza kueleza vizuri. Joto lao lilipita kama mlango wa tanuri umefunguliwa. Pembe, mbavu, macho meupe, kelele ambayo haikuwa na mwisho. Walichukua nguzo moja ya banda na paa likalala juu ya meko. Kuni zenye moto zilitawanyika, debe la maji likakanyagwa likawa kama karatasi. Dahabo alikuwa ameuficha uso kifuani kwangu na nilihisi moyo wake, au ulikuwa wangu. Kisha tukasikia maji, ng'ombe wote wale wakiingia mtoni kwa pamoja, na baada ya hapo kimya cha kunywa. Mamba, kama alikuwepo, aliondoka.

Kimya kile hakikudumu. Wakulima walikuwa wamesikia kwato na kuona vumbi na paa likianguka, na wakaja kutoka mashambani wakiwa na walichokuwa nacho mkononi, na mtu wa shambani ana panga mkononi. Baba mdogo alikuwa mbele. "Wameua watoto! Wamewapitisha ng'ombe juu ya watoto!" Wachungaji wengine wakapanda kutoka mtoni, fimbo mikononi, wakasimama nyuma ya Barisa. Jiko lililovunjika lilikuwa katikati yao, linatoa moshi. Nilimwona baba mdogo akinitazama mimi na damu ya Dahabo kwenye gauni langu, na nikajua amesoma hadithi yote vibaya, kama Barisa alivyosoma, na sauti yangu ilikuwa ile ile. Hapo pikipiki ikaingia. Madamu Eunice aliteremka kabla haijasimama vizuri, kanga imelegea, akapita kati yao bila kumtazama mtu, kama anayepita darasani wakati wa mtihani. Akasema, wala si kwa kupiga kelele, "Kila mwenye mtoto hapa aende dirishani akamtafute wake."

Hakuna aliyejongea. "Nimesema nendeni. Wote. Na nyie wa ng'ombe pia, mna watoto humo."

Baba mdogo alikwenda kwanza. Alisimama kwenye dirisha na panga lake likiwa limening'inia, akachungulia. Watoto walikuwa wameketi sakafuni, Wapokomo na Waorma, wanakula. Kadzo alikuwa amesimama juu yao na mwiko. Jilo alimwona baba yake akampungia mkono wenye chakula. Barisa naye alikuja dirishani, upande wa pili. Wakaangalia ndani, mabega yao hayajagusana, kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kumtafuta mtoto mmoja. Kisha wakaondoka, kila mmoja kwa njia yake, bila salamu. Komora alikuwa amekaa chini kando ya gunia la mchele, kichwa mikononi. Madamu alimgusa bega akapita, akaja kuosha mikono ya Dahabo.

Wanaosimulia huishia hapo, na nadhani ndiyo maana wanahitaji bunduki na hotuba, ili hapo pawe mwisho. Haukuwa mwisho. Jioni nilikaa uani kwa baba mdogo nikichambua mchicha, na nilisikia. "Leo wamepita jikoni mwa shule," alikuwa akisema kwa wanaume wenzake, chai mkononi. "Kesho watapita kwenye mpunga wangu. Na nani aliwafungulia? Binti yetu wenyewe." Mtu akasema, alikuwa anaokoa watoto. "Sawa. Aliokoa. Lakini watoto wangu hawaendi pale tena." Mama mdogo alinipokonya ungo taratibu, akasema mchicha unatosha. Wanawake walikuwa wameshakubaliana mtoni kutowapeleka watoto, kabla wanaume hata hawajaketi.

Asubuhi Barisa alikuja na watoto wa manyatani. Wote, hata yule mvulana mkubwa. Alisimama mwanzo wa malka akaiangalia ilivyo wazi, akaniambia, "Iko wazi?" Nikatikisa kichwa kukubali. "Basi kaa na hawa." Dahabo alikuwa na mikono iliyofungwa vitambaa vyeupe hadi kwenye viwiko, na alikwenda moja kwa moja kwenye ramani. Tukangoja. Kadzo alikuwa amepika kwenye mawe matatu mahali ambapo jiko lilikuwa. Uji ukaiva, ukapoa. Hakuna mtoto hata mmoja wa kwetu aliyekuja. Watoto wa Kiorma waliketi upande wao wa darasa kama kawaida na upande mwingine ukabaki sakafu tupu, na walikuwa wanaiangalia hiyo sakafu. Watoto wanaelewa haraka sana. Nilijua wakirudi nyumbani jioni na habari hiyo, kesho hawataletwa, na kazi yote ya Madamu itakuwa imeisha, na majina watakayokumbuka ni ya waliokataa kuja.

Madamu alinikuta mlangoni. "Nikienda mimi," alisema, "watasema ni mambo ya mwalimu. Komora hawatamfungulia mlango. Wewe ni mtoto wao."

"Siwezi, Madamu."

"Najua."

Akaingia ndani akaanza kuwagawia uji. Hakurudi kunishawishi. Nilisimama pale, nikamchukia kidogo, halafu nikatembea. Njia ya kwenda kijijini si ndefu, na niliipanga hotuba yote, maneno mazuri ya Kiswahili cha insha, na nilipofika uani kwa baba mdogo yote yalikuwa yamenitoka. Mama mdogo alikuwa anapepeta mchele. Jilo alikuwa nyuma yake amenuna, miguu vumbini.

"Shikamoo, mama mdogo. Nimemfuata Jilo."

"Marahaba. Jilo haendi. Ulimsikia baba yake."

"Nilisikia."

"Basi?"

Nikasema kabla sauti haijanikimbia, na kwa sababu niliiharakisha ilitoka kwa nguvu, ikatoka kama ya mtu mwingine. "Yule mtoto wa Kiorma aliyechanwa na miiba amekuja. Mikono yote imefungwa, na amekuja. Miiba tuliweka sisi, mama mdogo. Aliyechomwa yuko darasani, ambaye hakuchomwa amefichwa nyumbani. Wamekaa wanangoja na uji umepoa. Mimi nilimwingiza Jilo ndani jana kabla ya ng'ombe kufika, na leo nitamwingiza tena, na kesho. Kama mnamwogopea, mimi ndiye nilikuwa naye. Niulizeni mimi. Hamjaniuliza hata swali moja!"

Ungo ulikuwa umesimama mikononi mwake. Kuku wamesogea mbali. Kutoka ndani sauti ya baba mdogo ikauliza, "Nani huyo anayenipigia kelele uani?"

"Ni Rehema," mama mdogo akajibu bila kuondoa macho kwangu.

"Rehema yupi?" sauti ile ikauliza.

"Rehema wetu."

Nilisikia kitanda kikilia, kisha hakuna kitu. Hakutoka. Mama mdogo aliweka ungo chini, akamfuta Jilo uso kwa ncha ya kanga, kwa ukali, akageuza kola ya shati lake. "Nenda," akamwambia. "Na ukae karibu na dada yako."

Jilo alinishika mkono tukatoka uani. Nyumba iliyofuata ilikuwa ya watu ambao sikuwahi kuingia kwao, na mlango ulikuwa umefungwa ingawa moshi wa jiko ulikuwa unatoka. Jilo akanitazama kuona kama tunapita. Nikabisha.